Msalaba wa Mlangoni

Jumapili, 2 Machi

Nimeolewa! Naandika tena ili nilione: nimeolewa.

Leo nimekwenda misa kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, nimekaa benchi moja na Gaudensi wangu, bega kwa bega, hadi nikasahau kuitikia. Tuliposimama kwa Injili, watu wote wakajiwekea vile vimisalaba vitatu vidogo, pajini, midomoni na kifuani, nami nikamtazama kwa pembe ya jicho. Hata kidole gumba chake ni kizuri. Tangu utotoni nafundishwa kwamba ishara ile ni kumwomba Bwana akae akilini mwangu. Leo akilini kulikuwa kumejaa fundi umeme mmoja, mrefu, mwenye shati la bluu. Mungu anisamehe.

Tunakaa Baghani, juu kabisa ya nyumba kongwe, pamoja na mama mkwe wangu, Mama Perpetua. Chini yetu anakaa Bi Kazija, mjane, rafiki yake Mama tangu zama zao. Dari linavuja pahala pamoja karibu na mlango, na ndoo haiondoki pale. Nikimwambia Gaudensi kwamba napenda hata mlio wa ile ndoo, ananicheka.

Bado nakumbuka Shangazi alivyosimama ukumbini kuniaga. Alisema: "Mtoto huyu marehemu mamaake alimwekea msalaba pajini kwa mkono wake kabla hajakata roho. Hajatokea hapa bila ya baraka." Ukumbi mzima ukalia. Mimi nikalia zaidi ya wote, ijapokuwa najua mama alifariki hospitali siku niliyozaliwa, hata hakuniona. Lakini maneno ya sherehe ni maneno ya sherehe. Yalikuwa mazuri mno.

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua jambo la nyumba hii. Asubuhi Gaudensi anapotaka kutoka kwenda kazini hotelini Paje, haendi moja kwa moja. Anasimama mlangoni, anavua kofia, anainama. Mama anakuja na kanga yake ya kulalia, anamwekea msalaba pajini kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepima unga. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mungu akutangulie." Ndipo anatoka.

Mwanamume wa miaka thelathini na mbili! Nilitaka kucheka, nikaona macho yamenijaa machozi.

Mimi nilitoka baadaye kwenda Darajani kununua samaki. Nikasimama mlangoni kidogo. Mama akasema, "Ukiona changu wazuri, chukua." Basi.

Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu

Wenzetu wameshaanza Ramadhani, na sisi leo tumeanza Kwaresima. Bi Kazija amenikuta ngazini na majivu usoni.

"Bibi harusi, umeungua jikoni?"

"Shikamoo, Bi Kazija. Ni majivu ya kanisani."

"Marahaba. Nayajua, nakutania. Sisi twafunga, nyinyi mwafunga, muuza urojo wa pale kona atatukimbia." Kisha akaninong'oneza: "Lakini mlivyo wapya nyinyi, hiyo Kwaresima isiingie hadi chumbani!"

Nilipanda ngazi mbio, uso unawaka.

Nimemuuliza Mama kwa nini anamwekea Gaudensi alama kila siku wakati yeye si padri. Alikuwa anashona. Yeye hushona kofia za viua, zile za nakshi ya vitundu, na nusu ya vichwa vinavyokwenda msikitini Ijumaa mtaani kwetu vimepita mikononi mwake. Kidole gumba chake cha kulia ni kigumu kama gome kwa ajili ya sindano. Hakuinua macho.

"Siku ya ubatizo padri alinambia mimi mzazi nimwekee mwanangu alama pajini. Nikamwekea. Hajanambia niwache lini."

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Gaudensi ameimba wakati wa kuosha vyombo. Nani mwingine ana mume anayeosha vyombo?

Jumatano, 12 Machi

Kila asubuhi nasimama karibu na mlango makusudi. Mara nimeshika fagio, mara namwaga ndoo. Mama anamwekea mwanawe, mlango unafungwa, anageuka, ananipita. Si kwamba hanijali. Ananipa kichwa cha samaki, ambacho hapa ni heshima. Ananiita mwanangu. Lakini paji langu analiruka kama kizingiti.

Nimemwambia Gaudensi usiku. Akasema, "Mpe muda, Skola. Mama ni mtu wa polepole." Sawa. Muda ninao, hata miaka hamsini.

Jumamosi, 15 Machi

Labda ni kwa sababu mimi ni wa Machui, nimelelewa shamba. Labda alimtaka mwingine. Nimelia kidogo jikoni nikisingizia vitunguu, na wala hatukuwa na vitunguu.

Ijumaa, 21 Machi

Mama ameanguka.

Ilikuwa mchana. Alikuwa anashona kofia ya Mzee Mmanga, kaka yake Bi Kazija, ya kuvaa siku ya Idi. Nikasikia mkebe wa nyuzi unabingirika. Nilipotoka chumbani alikuwa ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, anautazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu. Sindano ilikuwa bado vidoleni. Nikapiga kelele dirishani. Bi Kazija akapanda ngazi zile zote huku amefunga, na magoti yake yale, akaniambia, "Mshike kichwa, usimpe maji." Vijana wa mtaani wakambeba kwenye kiti hadi kwenye gari.

Daktari amesema ni kiharusi. Upande wote wa kulia.

Gaudensi alikuja kutoka Paje na nguo za kazi. Alisimama mlangoni pa wodi, akavua kofia, akainama kwa mazoea. Halafu akakumbuka.

Jumatano, 26 Machi

Tumemrudisha nyumbani. Maneno yanatoka mazito, moja moja, kama anayatoa kisimani, lakini akili ni ileile. Namlisha uji. Mvua haikatiki. Sasa ndoo ni mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Bi Kazija amekuja kuichukua kofia. Nikamwambia haijesha, upande wa nyuma hauna viua.

"Nipe hivyohivyo."

"Lakini Bi Kazija, ya Idi..."

"Mmanga ana uso mbele na kisogo nyuma. Anayemtazama kisogo nani? Nipe, mwanangu."

Mama aligeukia ukutani mpaka alipoondoka.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Mzee Mmanga ameswali Idi na kofia ya nusu. Amepita chini ya dirisha letu, akasimama, akaivua, akaiinua juu ili Mama aione. Mama aliiona. Bi Kazija ametuletea biriani la kulisha mtaa. Sisi tuko Kwaresima, lakini Mama akasema kwa taabu, "Kuleni. Kukataa ni dhambi kubwa zaidi."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefanya kosa, na sijui kama litafutika.

Tangu Mama arudi, Gaudensi kila asubuhi husimama mbele ya kitanda chake, anainama, na Mama anamtazama tu. Leo nilifikiri nimepata dawa. Mkono wa kushoto si mzima? Mtu awekaye alama kwa mkono ulio mzima Mungu atamkataa? Gaudensi alipoinama, nikaushika mkono wa kushoto wa Mama, nikaunyanyua, nikakiweka kidole gumba kwenye paji la mwanawe. Nilikuwa natabasamu! Nilidhani tutalia wote kwa furaha.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akaupokonya mkono, akauficha chini ya shuka.

"Wa kutawazia," alisema. "Huu... wa kutawazia. Kwenye uso wa mwanangu!"

Mimi pia nimekulia kisiwa hiki. Kwa mkono wa kushoto simpi mtu chakula, sipokei zawadi, sisalimii. Ningempa jirani sahani kwa mkono huo, angedhani namtukana. Na mimi nimemfanya mwanamke wa miaka sabini ampe mwanawe Utatu Mtakatifu kwa mkono wa chooni. Kwa upendo, nimemfanyia hivyo kwa upendo.

Gaudensi alivaa kofia yake, akatoka.

Jumanne, 8 Aprili

Siku hizi Gaudensi anaondoka gizani. Anasema gari la hoteli limebadilisha saa. Anapita kwa vidole, viatu mkononi.

Kukipambazuka Mama anauliza, "Keshatoka?"

"Ametoka, Mama. Gari lilikuja mapema."

Anafumba macho.

Ijumaa, 11 Aprili

Bi Kazija ameniita ngazini.

"Mmegombana?"

"Hapana, Bi Kazija. Kwa nini?"

"Mumeo namwona kila alfajiri hapo barazani kajiinamia, mvua inamrushia miguu. Anakaa mpaka lile gari lake lije, na laja saa ileile ya siku zote."

Nilimsubiri jioni nikiwa nimekasirika, mara ya kwanza tangu tuoane. Nikamwambia: mamaako anakusikilizia kila asubuhi, na wewe umekaa chini ya miguu yake kama mwizi.

Alikaa juu ya ngazi, akalia. Sijawahi kumwona analia.

"Siwezi kusimama pale, Skola. Nikisimama anajaribu. Wewe huoni kwa sababu uko nyuma yangu. Bega linapanda, mkono haupandi. Kila siku bega linapanda."

Nilidhani nimeolewa na mtu asiyeogopa kitu, maana anashika nyaya za umeme. Sasa najua kitu anachokiogopa, na nampenda kwa namna nyingine, yenye kuuma.

Jumapili, 13 Aprili. Jumapili ya Matawi

Leo nimeyajua, na afadhali nisingeyajua.

Nilimletea Mama tawi la mnazi lililobarikiwa, nikamfungia kitandani. Tulikuwa wawili tu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, ulipokuwa mzima, kwa nini hukuwahi kuniwekea alama mimi? Nilikukosea nini?"

Alinishangaa. Maneno yake yalichukua muda mrefu, lakini naandika kama nilivyoyaelewa.

"Wewe unayo. Shangazi yako kasema. Mamaako kakuwekea, akafa. Ya mwisho ile. Mimi nikiweka yangu juu... nitaifuta ya marehemu."

Nikaushika ukingo wa kitanda.

"Ndiyo maana nakuruka," akasema. "Kila siku nataka. Naiogopa ile iliyopo."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nimechoka na maneno ya sherehe. "Mama, hapa hapana kitu," nikamwambia, nikaligusa paji langu. "Mama yangu hakuniona. Alifariki kabla sijaletwa kwake. Shangazi alisema vile ili watu wafurahi. Siku ya ubatizo padri aliniwekea, na wasimamizi wakaniwekea. Lakini mama, sijawahi kuwekewa na mama."

Alinitazama sana. Nikaona bega la kulia linapanda. Gaudensi alisema kweli. Linapanda, linatetemeka, na mkono umelala pale pale kama wa mtu mwingine.

"Asubuhi zote zile," akasema. "Mkono ulikuwepo."

Tukalia pamoja, kila mmoja na kosa lake ambalo si kosa.

Jumatatu, 14 Aprili

Homa. Kifua kinakoroma.

Jumatano, 16 Aprili

Padri amekuja kumpa Mama mpako wa wagonjwa. Bi Kazija alikuwapo akimpepea, akataka kutoka. Mama akamzuia kwa macho, naye Bi Kazija akakaa kwenye kiti cha kushonea.

Padri alimpaka mafuta pajini. Kisha akashika mkono wa kulia, akaupaka kiganjani. Akanyoosha mkono kuchukua wa kushoto. Mama akakunja ngumi.

Padri hakuuvuta, kama nilivyouvuta mimi. Aliweka kiganja chake wazi kando ya ile ngumi, akangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati la jikoni. Tulingoja sote. Bi Kazija aliacha kupepea. Halafu vidole vikafunguka, kimoja baada ya kingine, na padri akaupaka mafuta mkono wa kushoto kama alivyoupaka wa kulia, maneno yaleyale, mafuta yaleyale.

Baada ya padri kuondoka, Mama aliuinua mkono ule mbele ya uso wake, akautazama mbele na nyuma. Ulikuwa unang'aa.

Alhamisi, 17 Aprili. Alhamisi Kuu

Sikwenda kanisani kwenye misa ya kuoshwa miguu. Nimemwosha Mama nyumbani.

Nilikuwa nimechuchumaa na beseni, nimefika mguu wa pili, kichwa changu kikiwa karibu na goti lake. Nikasikia kitu cha maji kinanigusa pajini. Nilidhani dari limeanza kuvuja pahala pengine.

Kilikuwa kidole gumba chake cha kushoto. Alikuwa amekichovya mwenyewe katika maji safi ya kopo. Kilishuka, kikasimama, kikaenda kombo kwa sababu mkono ule haujawahi kuifanya kazi hii. Mstari wa pili ulifika karibu na nyusi.

"Baba," akasema. Akapumzika. "Mwana." Akapumzika tena. "Roho." Halafu kwa haya, kama msichana, "Huu ndio nilio nao."

Kidole cha kushoto ni laini. Hakijawahi kushika sindano. Nilikibusu.

Gaudensi aliporudi nilimkimbilia ngazini, sikungoja avue viatu. "Ameniwekea! Kwa kushoto! Nenda, nenda sasa hivi." Tukaingia. Mama amelala, na usingizi wake ulikuwa wa kwanza mtulivu katika wiki nzima.

"Mwache," Gaudensi akasema, uso umemfunguka kama siku ya harusi. "Kesho nitasimama. Kesho sikimbii."

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Asubuhi alisimama kweli. Alisimama mbele ya kitanda, kofia mkononi, hadi gari likapiga honi mara ya tatu. Mama hajaamka. "Jioni," akaniambia. Saa moja baadaye Mama akafumbua macho.

"Keshatoka?"

"Amekusimamia sana, Mama. Jioni atakuja mapema."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akautoa mkono wa kushoto nje ya shuka, akauweka juu ya kifua, tayari.

Jioni simu. Mvua imeangusha umeme Paje, hoteli imejaa wageni wa Pasaka, fundi haruhusiwi kuondoka. Alikuwa anapiga kelele ili nimsikie. Mama nilimwambia, "Kesho asubuhi." Mkono haukurudi ndani ya shuka.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama amefariki alfajiri.

Nilimfumba macho. Bi Kazija alimfunga kidevu. Nikamwekea msalaba pajini, kwa sababu anayetoka katika nyumba hii huwekewa. Nilisema, "Mungu akutangulie, Mama."

Gaudensi alifika watu wameshajaa ngazini.

Jumatatu, 21 Aprili

Tumemzika. Jeneza lilishuka ngazi kwa shida. Vijana waliolibeba, na Mzee Mmanga mbele yao, wengi walikuwa na kofia za viua. Nilizitambua.

Jumapili, 4 Mei

Gaudensi hasemi. Anakula, anakwenda kazini, anarudi. Haondoki tena gizani, hakuna wa kumkimbia. Anapita mlangoni upesi, kichwa juu, kofia imekaa.

Jana aliniuliza jambo moja. "Kidole kilikuwa kizito au chepesi?"

"Chepesi," nikamwambia. "Kilikwenda kombo."

Jumatatu, 12 Mei

Masika yanaisha. Ndoo ya mlangoni leo ilikuwa kavu, nikaiondoa.

Gaudensi alipofika mlangoni hakukuta ndoo ya kuikwepa. Labda ni hilo tu lililomsimamisha. Alisimama pale pa zamani, mgongo kwangu, kwa muda. Halafu akageuka, akavua kofia.

Nilidhani anataka nimwekee mimi. Nikainua mkono.

"Siyo," akasema. Akaushusha mkono wangu, taratibu. "Bado ipo?"

Nilielewa. "Ipo."

"Yako ndiyo ya mwisho aliyoiweka."

Akainama, akaweka paji lake juu ya paji langu. Halikuwa busu. Alilaza uzito wote wa kichwa, na sauti yake ikakatika ndani ya nywele zangu. Niliogopa. Nilikumbuka Mama alivyoogopa siku zile zote kwamba alama ikigusana na nyingine hufutika. Sikujua kama yangu itahamia kwake, nami nibaki mtupu kama nilivyokuja. Lakini sikujitoa. Nilisimama bila ya kutikisika, kama mtu aliyejitwika maji pomoni.

"Kwa jina la Baba," nikasema kwa niaba yake, "na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Chini, gari likapiga honi. Akaondoka kofia mkononi.

Nilipousikia mlango wa chini unafungwa, nililigusa paji langu. Lilikuwa na jasho lake. Sikulifuta.